Neema Mpya na Deni la Kale

Kuku anayeparua ardhi nyuma ya mabucha na majiko ya nyama choma ya Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, amejaaliwa jambo moja ambalo bwana wake hakujaaliwa. Akidungwa dawa yenye sumu ya masikio, chembe zake za kusikia zikafa, kisha dawa ile ikakomeshwa, chembe mpya huchipua mahali pa zile zilizokufa, na baada ya majuma machache kuku yule husikia tena. Ilhali bwana wake, ambaye Waislamu na Wakristo wa mtaa huu wote wanakiri kuwa ameumbwa kwa umbo bora kuliko wanyama, na ambaye jamii yake ndiyo iliyopewa akili ya kuigundua dawa hiyo, akidungwa dawa hiyohiyo na chembe zake zikafa, hubaki na uziwi wake hata aingie kaburini. Habari hii si ngano; imethibitishwa kwa majaribio mara nyingi, na mtu mwenye imani akiitafakari sawasawa haiuachi moyo wake kama ulivyokuwa.

Maswali mawili huzaliwa hapo. La kwanza ni la kale: kwa nini kiumbe duni apewe na kiumbe bora anyimwe. La pili ni jipya, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi: ikiwa siku moja wataalamu watafaulu kuziotesha upya chembe za kusikia katika sikio la mwanadamu, kama wanavyojitahidi sasa, je, usikivu huo utakuwa ni uleule uliopotea umemrejea mwenyewe, au utakuwa ni kipawa kingine kabisa, na je, sisi ambao salama yetu ilinunuliwa kwa masikio ya watu wengine, tutakuwa tumekwisha kulipa?

Yafaa kwanza kufahamu ni kitu gani kilichoharibika. Sikio la ndani limesitiriwa katika mfupa ambao ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa ya mwili, na humo mna mfereji uliojisokota ambao matabibu huuita koklea. Mwitalia Alfonso Corti, aliyeuchunguza kwa hadubini na kutangaza alichokiona mwaka 1851, alikuta humo chembe zilizopangwa kwa safu, kila moja ikiwa na kichala cha vinywele juu yake. Na idadi ya chembe hizo katika sikio moja ni kama 15,000 au 16,000 tu, akiba ndogo mno mtu akikumbuka kwamba chembe zipokeazo nuru katika jicho ni mamilioni kwa mamilioni. Zote huumbwa mtoto angali tumboni mwa mamaye, na baada ya hapo haiongezwi hata moja. Sauti ikifika, majimaji ya mfereji hutikisika, vinywele hupinda, na kwenye ncha zake hufunguka vijilango ambavyo chumvi za majimaji hayo hupita na kuiamsha chembe, nayo ikapeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Kila adhana, kila wimbo wa kwaya, kila jina ambalo mama alimwita mwanawe, limepita katika vijilango hivyo.

Na dawa nayo hupita papo hapo. Hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko mengine yote katika elimu hii: streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini, ambazo ni dawa za ukoo mmoja, haziingii katika chembe ya kusikia kwa kuubomoa ukuta wake, bali huingia, kwa sehemu kubwa, kupitia vijilango vilevile vilivyoumbwa kwa ajili ya sauti, hata ikawa kile kilichoifanya chembe iwe pokezi ndicho kinachoiangamiza. Zikisha kuingia hazitoki upesi. Hufika kwenye mitokondria, vijisehemu vinavyoipa chembe nguvu, ambavyo wanazuoni wa uhai huamini kwamba asili yake ni bakteria wa zama za kale sana. Na dawa iliyokusudiwa kuvuruga kazi ya bakteria wa maradhi huikuta humo kazi ya namna ileile, ikaivuruga. Wapo watu waliorithi kwa mama zao badiliko dogo katika mitokondria hizo, badiliko lililotambuliwa mwaka 1993, ambalo huzifanya zifanane zaidi na bakteria, na mtu wa namna hiyo aweza kupoteza usikivu kwa dozi ndogo tu. Chembe za sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa. Mgonjwa hukosa kwanza milio ya ndege, kisha hukosa zile herufi za pumzi zitenganishazo neno na neno, akawa asikia kwamba watu wanasema asijue wanasema nini. Na watu humdhania kuwa amekuwa mzito wa akili, jambo ambalo ni dhuluma ya pili.

Dawa hizo zilipokuja, zilikuja na furaha kubwa. Mwaka 1943 kijana Albert Schatz, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, alitoa streptomaisini katika vijidudu vya udongoni. Kabla ya hapo kifua kikuu hakikuwa na dawa ya kukishinda. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 upande wa magharibi wa mlima Kilimanjaro ili iwahudumie wagonjwa wa maradhi hayo, ilikuwa na hewa safi ya baridi, chakula, kitanda na dua, na aghalabu hivyo ndivyo vyote ambavyo tabibu yeyote wa ulimwengu aliweza kumpa mgonjwa wake. Kufikia mwaka 1945 matabibu wa Marekani walikwisha kuandika kwamba dawa mpya huwatia baadhi ya wagonjwa kizunguzungu na kuwaharibia masikio. Hawakuiacha, wala mimi siwalaumu, kwani upande wa pili wa mizani palikuwa na mauti. Mwaka 1957 Hamao Umezawa wa Japani akatangaza kanamaisini, nduguye streptomaisini kwa manufaa na kwa madhara.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuwa wapokeaji tu wa ugunduzi huo. Kuanzia mwaka 1970 katika hospitali za nchi zetu, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalifanywa majaribio ya kuona kama kifua kikuu chaweza kuponywa kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Na wagonjwa waliokubali walidungwa streptomaisini kila siku kwa muda wa miezi hiyo yote, pamoja na dawa nyingine za kumeza. Matokeo yalikuwa mema, na tiba fupi ambayo mgonjwa wa London au wa Mumbai huipata leo ilipata hapa kwetu baadhi ya ushahidi wake wa awali na wenye nguvu. Sijaona mnara wala bamba lililoandikwa kuwakumbuka watu hao, na lingefaa liwepo.

Baadaye vijidudu vikajifunza ukaidi. Kifua kikuu sugu kikahitaji sindano tena, na zamu hii kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Kibong'oto ikawa kituo cha nchi nzima cha kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo, na mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa mwaka 2011, ambao hospitali za mataifa mengi ziliufuata, ulitaka sindano zidumu si chini ya miezi minane katika tiba ya miezi 20. Mgonjwa wa Arusha alipanda gari, akapita Usa River na Maji ya Chai, akafika Bomang'ombe, akakata kushoto kuelekea Sanya Juu. Na miongoni mwa waliokuja walikuwamo wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani, ambao vumbi la miamba lilikuwa limekwisha kuyadhoofisha mapafu yao kabla kijidudu hakijaingia. Ulimwenguni kote, wengi waliopewa tiba hiyo waliponywa kifua na baadhi yao wakatoka bila masikio. Ilipofika mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kwamba dawa za kumeza, ikiwamo bedakwilini iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, zitangulizwe mbele ya sindano, na mwongozo wa mwaka 2019 ukasema wazi kwamba kanamaisini isitumiwe tena katika tiba hiyo. Alhamdulillahi kwa waliougua baada ya hapo.

Mtaani kwetu yupo mtu mzima mmoja aliyetibiwa katika miaka ya sindano, mbali na mkoa huu. Ni mzima wa kifua, analea wanawe, na ukisema naye hukutazama midomo kwa makini ambayo mtu asiyejua huyachukua kuwa ni ukali. Husemwa mbele yake, na yeye asisikie: mzee huyu na amshukuru Mungu, kwani angekuwa amekwisha kufa. Neno hilo ni kweli. Lakini nimelisikia mara nyingi mno katika vinywa vya watu wenye masikio yao mazima, na nimeliona likifanya kazi isiyo yake, yaani kufunga mazungumzo. Shukrani anayodaiwa mgonjwa ni yake kwa Mola wake, naye aijua kuliko sisi. Shukrani hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa hati ya kutuondolea sisi wajibu wetu kwake.

Turejee kwa kuku. Kwa muda mrefu wanazuoni walijua kwamba samaki na vyura huongeza chembe za kusikia maisha yao yote, lakini walidhani kwamba ndege na wanyama wanyonyeshao hawana uwezo huo. Mwaka 1987 Douglas Cotanche, aliyewaharibu vifaranga masikio kwa kelele, na kundi la Edwin Rubel, lililowaharibu kwa jentamaisini, waliona katika hadubini zao chembe changa mahali palipokuwa patupu. Na mwaka 1988 makala mbili zilizotoka pamoja katika jarida la Science zikathibitisha kwamba hizo zilikuwa chembe mpya zilizozaliwa baada ya uharibifu. Zilitoka wapi? Kila chembe ya kusikia imezungukwa na chembe za kuitegemeza, zisizosikia lolote, na katika ndege chembe hizo, jirani yao akifa, ama hugawanyika na mmoja wa wana akawa chembe ya kusikia, ama zenyewe hujigeuza umbo na kushika nafasi ya marehemu, kama vile katika mashamba ya Wameru shina la mgomba likianguka chipukizi lililokuwa kando yake husimama mahali pake.

Chembe hizo za kutegemeza na sisi tunazo. Ila katika sikio letu zimefungiwa tangu kabla ya kuzaliwa: jeni iitwayo Atoh1, ambayo ndiyo iamuruyo chembe iwe ya kusikia, hunyamazishwa, na chembe jirani hupelekeana ishara za kuzuiana zisibadilike. Kufuli hilo limekwisha kutikiswa. Mwaka 2005 Yehoash Raphael na wenzake huko Michigan walipachika jeni hiyo katika masikio ya wanyama wadogo waliotiwa uziwi kwa dawa, wakaona chembe mpya na usikivu kiasi; na mwaka 2013 kundi la Albert Edge huko Boston lilizizuia ishara za kuzuiana katika panya waliotiwa uziwi kwa kelele, likapata chembe chache na usikivu mdogo, lakini vya hakika. Kwa wanadamu majaribio yamefanywa Marekani na Ulaya, na matokeo hayajafikia matumaini; kampuni ya Frequency Therapeutics, iliyokuwa imetangulia sana katika njia hii, iliachana na dawa yake mwaka 2023 baada ya jaribio kuonyesha kwamba waliopewa hawakuwazidi wasiopewa.

Kuhusu swali la kwanza, wapo wasemao kwamba wanyonyeshao waliuacha uwezo wa kuotesha wakabadilishiwa kwa unyeti: sikio la kijana wa kibinadamu hupokea mitikisiko ifikayo 20,000 kwa nukta moja, na la kuku halifikii hata nusu yake, na sikio lililoundwa kwa ustadi wa kiasi hicho halistahimili kubomolewa na kujengwa. Huenda ndivyo. Lakini mwenye imani asiifanye dhana hiyo kuwa sababu ya Mwenyezi Mungu, kana kwamba ameketi barazani akamsikia akiitoa. Napendelea kurejea kwa Nabii Ayubu, ambaye Waislamu na Wakristo wa Arusha wanamheshimu sawasawa. Katika kitabu chake, mtu huyo analalamika kwamba mti ukikatwa bado una tumaini la kuchipua kwa harufu ya maji tu, ilhali mtu akianguka amekwisha. Na jawabu analopewa mwishoni, kutoka katika tufani, halimwelezi chochote juu ya jipu lake wala msiba wake, bali linamwonyesha kunguru, paa wa milimani, punda wa mwituni asiyefungwa, mbuni aliyenyimwa hekima akapewa mbio, kila mmoja na fungu lake ambalo hakuombewa na mwanadamu wala halimhusu mwanadamu. Naona humo kwamba fungu la kuku si wizi wa fungu letu. Viumbe hawakuumbwa wote kuwa ngazi ambayo sisi tumesimama juu yake.

Swali la pili ndilo gumu, nami nakiri kwamba halikuniangazia mpaka niliporejea kwenye elimu ya fikihi ya pwani yetu. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kutoka Lamu mpaka Kilwa, waliihesabu fidia ya mtu aliyeondolewa usikivu wa masikio yote mawili kuwa ni dia kamili, sawa na dia ya roho. Hilo pekee lingetosha kutuonyesha uzito wa jambo. Lakini hawakuishia hapo. Waliuliza pia: kilichopotea kikirejea, deni huwaje? Wakapambanua. Maana za mwili, yaani kusikia, kuona, kunusa na mfano wa hizo, zikirejea, dia huanguka, kwani kurejea kwake kumedhihirisha kwamba hazikuondoka kwa hakika, bali zilizibwa tu. Lakini kiungo chenye dhati yake hakiko hivyo: Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj, amelitaja jino la mtu mzima, aliyekwisha kubadili meno ya utotoni, likang'olewa na mwenye kukosa, kisha kwa kudura ya Mungu likaota jingine, na kauli yenye nguvu ni kwamba haki ya aliyeng'olewa haianguki, kwani wafafanuzi wa kitabu hicho wanasema kuota kwake ni neema mpya itokayo kwa Mwenyezi Mungu, na neema ya Mungu kwa aliyedhulumiwa haimlipii deni aliyedhulumu. Jino la mtoto ni mbali. Hilo husubiriwa, maana desturi yake ni kuota tena.

Mabwana hao hawakujua hadubini wala jeni, na hata hivyo wametuachia kipimo ambacho elimu ya leo yaweza kukitumia moja kwa moja. Wazee wetu waliomeza kwinini kwa homa ya malaria wanaijua mivumo ya masikio na ule uziwi wa siku chache unaofuata dozi kubwa, ambao aghalabu huondoka dawa ikiisha mwilini. Huo ni usikivu uliozibwa, na ukirejea ni uleule. Sindano za kanamaisini si hivyo. Hapo chembe zenyewe zimekufa, zimetolewa katika safu, na kovu limefunga mahali pake. Na zikioteshwa nyingine zitakuwa ni jino la pili. Kwa hiyo, ingawa kusikia ni maana, kiti cha kusikia ni dhati, na kiti kikifa na kuumbwa kingine, kinachokuja ni neema mpya, wala si mali iliyorudishwa.

Mtu aweza kupinga akasema kwamba mwenye kusikia ni nafsi, wala si chembe, na nafsi haikufa. Pingamizi hilo nalithamini, na wapo ndege wanaolitia nguvu. Sarah Woolley na Edwin Rubel walitangaza mwaka 2002 habari ya ndege wadogo waimbao ambao walitiwa uziwi kwa dawa na kelele. Wimbo wao ukaharibika, kwani ndege huyo huhitaji kujisikia ili aimbe vyema, kisha chembe zilipoota upya wakaurejea pole kwa pole wimbo wao wa awali. Wimbo, basi, ulikuwa umehifadhiwa mahali pengine, sikio likiwa maiti. Nami naamini kwamba yule jirani yetu, akijaaliwa masikio mapya, ataitambua sauti ya mkewe, kwani hajaisahau. Lakini hayo yanathibitisha tu kwamba mwenye haki ni yuleyule. Hayathibitishi kwamba alichopokonywa kimerejeshwa. Miaka aliyokaa kimya haioti. Mtoto wake aliyeanza kusema baba yake akiwa kiziwi hatasema tena maneno yake ya kwanza.

Ayubu anatufundisha jambo hilihili kwa hesabu. Mwishoni mwa habari yake anarudishiwa kondoo 14,000 badala ya 7,000, na ngamia 6,000 badala ya 3,000, na ng'ombe vilevile maradufu. Lakini watoto, waliokuwa wana saba na mabinti watatu wakafa chini ya nyumba iliyoanguka, wanakuja tena wana saba na mabinti watatu, bila kuongezwa. Wafafanuzi wamesema mengi juu ya hesabu hiyo. Mimi naona kwamba ngamia mpya aweza kusimama mahali pa ngamia wa kale, na mtoto hawezi. Yemima, Kezia na Keren-hapuki ni zawadi, nao wametajwa kwa majina na kusifiwa uzuri wao, lakini hakuna neno hata moja lisemalo kwamba kwa kuzaliwa wao wale wa kwanza wamelipwa.

Sasa lipo pingamizi kubwa zaidi, nalo ni la haki. Tabibu aliyedunga sindano hakukosa: alikuwa na ujuzi, alikuwa na idhini, alifuata mwongozo wa wakati wake, na sheria zote ninazozijua, za dini na za serikali, humwepusha tabibu wa namna hiyo na dhima. Basi deni ni la nani? Hapa pia fikihi haikutuacha. Mtu akiua kwa bahati mbaya, pasipo kukusudia, dia haimwangukii peke yake. Jamaa zake wa upande wa baba hubebeshwa pamoja, kila mmoja kwa uwezo wake, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyetenda lolote. Waarusha na Wameru hawakuhitaji kuipokea kanuni hiyo kutoka pwani, kwani ukoo wao huchangia ng'ombe wa fidia kwa pamoja, na mwenye kukwepa mchango huaibika. Maana yake ni kwamba yapo madhara yasiyo na mkosaji na bado yana mdaiwa.

Kifua kikuu huambukiza kwa hewa. Kila mgonjwa wa maradhi sugu aliyekubali kudungwa siku baada ya siku, huku akisikia masikio yake yakiondoka, alikuwa akiizuia pumzi yake isiwaue abiria wenzake katika daladala za Arusha, na waumini wenzake msikitini na kanisani, na watoto darasani. Sisi tuliovuta hewa hiyo salama ndio ukoo wake. Tunachodaiwa chajulikana: kipimo cha usikivu kabla ya sindano na wakati wa sindano, popote ambapo dawa za ukoo huu zingali zinatumika, kama jentamaisini inavyotumika kila siku kuokoa watoto wachanga, kumwuliza mama kama kuna ndugu waliopata uziwi baada ya kudungwa, vifaa vya usikivu kwa wanaovifaa, nafasi kwa wanaostahili upandikizaji ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017, lugha ya alama kwa mgonjwa na, kabla yake, kwa aila yake, kazi isiyomfukuza. Si mambo ya muujiza, na mengi kati yake ni nafuu kuliko sherehe moja ya kuzindua jengo.

Nami nautakia mafanikio ya kweli utafiti wa kuotesha chembe, na kila habari yake huisoma kwa shauku. Itakapokuwa, nitamshukuru Mungu pamoja na wote watakaosikia. Ila naona mtindo unaanza, hata katika mazungumzo ya wasomi, wa kumwambia kiziwi asubiri kwa kuwa sayansi inakuja. Wanazuoni wa Shafi walilizungumza na hilo. Walisema kwamba usikivu ukiwa umeondoka na wajuzi wawili waaminifu wakashuhudia kuwa wanatarajia urejee, wakataja na muda ambao si muhali kwa mgonjwa kuishi hata kuufikia, basi dia hungojewa mpaka muda huo upite. Lakini muda usipotajwa, hakuna kungoja, haki hutolewa papo hapo. Nimewatafuta wajuzi wa leo katika maandishi yao, wa Boston na wa Michigan na wa Ulaya, waaminifu wote, na wote wanatarajia. Muda hakuna aliyeutaja.